Hedi ya Deki na Uso wa Mama

Mimi na mende hatupatani. Tangu siku deki ya kaka yangu ilipofunguliwa mbele ya macho yangu, mtu akimtaja mdudu huyo wakati wa kula, nasukuma sahani. Watoto wangu hunicheka, husema mama anajifanya mtu wa mjini. Wacheke tu, hawakuwepo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja Kisii mjini, nimeolewa, nina nyumba yangu. Kaka yangu, kifungua mimba wa mama na mwana wa kiume wa pekee, alikuwa akikaa Kebirigo, vyumba viwili nyuma ya duka la mbolea, na alikuwa na vitu viwili vilivyomfanya ajione bwana mkubwa: televisheni ya rangi na deki ya kanda za video. Deki ilikuwa nyeusi, pana, yenye kisaa cha kijani ambacho hakuna aliyejua kukirekebisha, kikawa kinasema saa sita mwaka mzima. Jumamosi na Jumapili vijana wa soko waliingia kwake, wakatoa chochote, wakaonyeshwa sinema za kupigana na mieleka ya Wazungu. Wifi yangu, mkewe, ndiye aliyefagia baadaye, maganda ya njugu na makohozi. Makohozi, ndani ya nyumba ya mtu! Nikienda kuwasalimia nilikuwa nakaa kwenye ncha ya kiti na chai naiachia nusu.

Mama alifariki baba akiwa amelazwa hospitalini Kisii. Baba alikuwa ameteleza kwenye mteremko wa migomba, akavunjika nyonga, nao wakamlaza chali, mguu umefungwa kamba na vyuma vizito vya kuuvuta. Mama ndiye aliyekuwa akimpelekea uji. Asubuhi moja hakufika. Shinikizo la damu lilikuwa limemwangusha jikoni. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema maiti haiwezi kungoja mguu upone, mazishi yafanyike. Nilikuwa kando ya kitanda kaka alipokuja kumweleza baba. Mzee hakulia mbele yetu. Aliuliza tu kama basi yeye hatamwona mkewe.

"Tata," kaka akamwambia, maana ndivyo tunavyomwita baba kwetu, "nimekodi mtu wa video. Utamwona mama, uso wake, utaona kila kitu kama vile ulikuwepo."

Baba akamshika mkono, akaushikilia. Alikuwa mzee wa kuamini alichoambiwa, hasa na mwanawe wa kiume, na kuanzia siku ile alitulia.

Mtu wa video alikuja kweli, kamera begani, anakanyaga watu miguu na hasemi pole. Jeneza lilipofunguliwa ili watu wamuage mama, aliinama pale juu akakaa sana, mpaka nikataka kumvuta shati. Halafu nikamkumbuka mzee na vyuma vyake, nikamwacha. Mama alikuwa amefungwa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisani na uso wake ulikuwa umepoa, hauna makunyanzi ya kila siku. Nilijiambia, haya, hata baba ataona.

Baba alitoka hospitalini na mkongojo, mguu mmoja umefupika. Tulimpeleka upande wa kushoto wa nyumba, kaburi lilipokuwa, limekwisha kuanza kuota majani. Alilitazama kama mtu anayeonyeshwa shamba la jirani. Akaniambia, "Huo ni udongo. Mama yako mimi sijamwona." Basi kigoda cha mama kikabaki pale pale karibu na moto, hakuna ruhusa ya kukikalia, na mtu akisema marehemu mbele yake aliinuka akaenda zake. Usiku, shangazi yetu aliyekuwa akimpikia alimsikia akimuuliza mama habari za ndizi. Mzee alikuwa anakonda, suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Kila nilipofika nyumbani swali lilikuwa lile lile: ile video lini?

Hapo kulikuwa na jambo la kupanga. Nyumbani kwetu umeme haukuwa umefika, na kule Kebirigo baba hawezi kuingia ndani. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Akimtaka husimama nje, akakohoa, akaita, mwana akatoka. Kule ndani ndiko kitanda cha mwana na mkewe kilipo, na miguu ya mzee haina kazi huko. Siku hizi wengine wamelegeza, wanasema vyumba vya kupanga sokoni si nyumba. Baba hakulegeza. Tangu kaka aoe, hajawahi kuvuka kizingiti chake hata mvua ikinyesha, na alikuwa akisema kwamba baba anayeingia mle kwa miguu yake amekwisha kumkana mwana. Lakini dawa aliipata mwenyewe. Akasema televisheni igeuzwe itazame mlango, yeye atakaa nje uani, atamwona mama yetu kutoka huko.

Kaka akasema vyema, vyema sana, ila deki imekufa.

Ilikuwa imekufa kweli, niliiona. Ukitia kanda unapata chenga tupu na sauti ya kukoroma. Kaka akasema ni hedi, kile kigurudumu cha chuma kinachong'aa ndani ya deki, ambacho huzunguka na kuisoma kanda. Kimelika kwa zile sinema zake. Nikamwambia hedi nitanunua mimi, yeye anieleze tu ni ya aina gani. Akajikuna shingo, akaniambia ni ile ndogo, ya Kijapani.

Kisii mjini palikuwa na duka la familia moja ya Kihindi, baba, mke na mkaza mwana, linauza redio, nyaya, balbu na vipuri vya kila namna, linanuka udi tangu asubuhi. Mzee mwenye duka alinitolea kisanduku cha hedi, kila moja ndani ya sponji yake. Mimi nilidhani hedi ni hedi. Kumbe zipo za macho mawili na za macho manne, macho ndiyo zile ncha ndogo ukingoni zinazosoma kanda, zipo za deki za huku na za deki za Amerika, zipo zenye tundu pana na zenye tundu jembamba, na pini za chini zikizidi moja tu umepeleka nyumbani kifuniko cha sufuria. Nikachukua niliyoelezwa. Kaka akaitazama dirishani, akaigeuza, akatikisa kichwa: hii ni ya macho mawili, yetu ni ya manne. Nikarudi, nikabadilisha. Ah, hii pini zake si zenyewe. Nikarudi tena. Hii sasa ni ya Amerika. Na kila mara uso wake una huzuni, anasema pole dadangu, unasumbuka. Yule mzee wa duka alichoka kuniona.

"Mama," akaniambia, "wewe iko leta maneno tu. Mdomo haiwezi pima hedi. Lete ya zamani, mimi naweka hapa mbili pamoja, kwisha."

Neno hilo lilikuwa na akili, nami nikampelekea kaka. Nikamwambia anipe deki yenyewe. Akakataa. Deki si kuku wa kubebwa kwapani, itatikisika, itaharibika zaidi, tena mafundi wa Kisii ni wezi, wanatoa kizima wanatia kibovu. Nikashangaa mtu huyu ambaye vijana walikuwa wanamdai sinema, na ambaye kwa deki hiyo alikuwa akipata ya soda, anaweza vipi kukaa na maiti yake ikishika vumbi. Nilishangaa tu, sikufika mbali. Damu nzito, unamtafutia mtu wako sababu kabla hujamtilia shaka.

Wifi ndiye aliyenipa. Nilifika siku ya soko kaka hayupo, nikamkuta anapasua kuni, akaingia ndani bila kuulizwa, akatoka na deki imefungwa kwenye leso. Akasema ipeleke, mimi nyumba hii imenichosha, na mzee amengoja mno.

Fundi alikuwa na kibanda karibu na soko la Daraja Mbili, kati ya wauza mitumba na akina mama wa ndizi. Niliweka deki juu ya meza yake, akafungua skrubu, akainua kifuniko. Aka! Mpaka leo mwili unanisisimka. Mende walitoka kama wameitwa. Wakubwa, wadogo, weupe wale ambao wametoka tu kubadili ngozi, wakapanda mkononi mwa fundi, mmoja akadondoka kwenye kiatu changu. Na waliobaki walikuwa wafu, wamekauka migongo chini, na mayai yao, na mavi yao meusi yamejaa kila pembe, na katikati ya hayo yote kipande cha chapati kimeota ukungu. Harufu ilikuwa ya mafuta mabovu na kitu kitamu kilichooza. Mama mmoja wa ndizi akaziba pua na kitenge. Fundi, yeye alizoea, alisema deki huwa na joto, mende hupenda kulala humo hasa penye makombo. Nilitoka nje nikatapika chai yote kando ya mtaro, watu wananitazama, mpiga chapa mzima na sketi yangu ya ofisini.

Na wakati natapika nilikuwa nawaza kwamba uso wa mama ungepita humo.

Fundi alisafisha kwa brashi na spiriti, akang'oa hedi, akanipa mkononi ikiwa imefungwa karatasi. Nikapanda nayo dukani. Mzee wa Kihindi akaiweka kaunta, akaweka yake kando, akahesabu macho, akahesabu pini, akatia kalamu kwenye tundu la hii na la ile. Haikumchukua hata muda wa kumhudumia mteja mwingine. Hedi yetu ilikuwa ya kawaida kabisa, ya macho mawili, ya deki za huku, ile ile niliyoinunua mara ya kwanza kabisa na kaka akaitikisia kichwa. Mkaza mwana wake akaniuliza kama naumwa, maana nilikuwa nimesimama tu.

Fundi aliifunga, akaijaribu kwa kanda ya harusi ya watu, picha ikatoka safi. Akaniuliza kazi ya haraka hivi ni ya nini, nikamweleza. Akasema kanda ya mazishi ni salama, watu wa video wote huvunja lile jino dogo la plastiki mgongoni mwa kanda. Likishavunjwa, deki inakataa kurekodi juu yake, hata mtoto akibonyeza. Maneno hayo yalinipoza. Nikasema labda kaka alikosea tu kuhusu hedi, maana yeye si fundi.

Sikumwambia kaka kwamba imepona, naye alidhani bado iko kwa fundi. Jumapili baada ya kanisa nilimwomba jirani mwenye pikapu ya kubebea majani ya chai, tukampakia baba mbele, mimi nyuma na deki mapajani. Baba alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, amenyoa ndevu. Alikuwa amemwambia shangazi kwamba anakwenda kumwona mama yetu. Tulipofika alisimama uani, akakohoa, akamwita mwanawe kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aumie.

Kaka alitoka, akaniona na deki, na uso wake ukasawijika. Akaanza: kanda hata hajui aliiweka wapi, labda iliazimwa. Wifi akasema kutoka ndani kwamba iko kabatini chini ya mashuka, akaileta. Hapo hakuwa na pa kwenda. Televisheni ikageuzwa ikatazama mlango, mimi na wifi tukashika leso mlangoni juu kuzuia jua lisiue picha, na baba akawekewa kiti nje, hatua chache kutoka kizingitini, mkongojo magotini. Lakini televisheni ikitazama sokoni ni sinema ya bure. Wakaja wauza nyanya, wakaja vijana wa Jumapili, watoto wakakaa chini, mpaka baba akawa ana umati nyuma yake. Sikuwafukuza. Mazishi ni ya watu wote.

Picha ikaja. Boma letu lile, turubai, kwaya, mchungaji anapangusa jasho. Baba alikuwa anawataja watu kwa sauti ndogo, huyu amekuja, na huyu pia amekuja, hata yule tuliyegombana naye mpaka wa shamba. Akaona jeneza linatolewa, akavua kofia. Akaona wanaume wanaliweka juu ya viti, mfuniko unainuliwa, watu wanajipanga. Kamera inasogea. Shangazi yetu anainama, anainuka, anajifuta, anapisha. Kile kitambaa cheupe nilikiona, ukingo wake tu.

Halafu chenga, mstari mmoja, na Wazungu wawili wanene wenye chupi zinazong'aa wakakumbatiana.

Watoto wakashangilia. Wale vijana nyuma wakapiga makofi, wakamtaja mmoja wa wale wapiganaji kwa jina lake. Sikuwalaumu, ndiyo mieleka waliyoizoea. Leso ilinishuka mkononi. Jasho la wale wanaume lilijaa kioo chote, matumbo, makwapa, mmoja anamkalia mwenzake usoni, na baba yangu amekaa hapo kofia mkononi anangoja.

"Itarudi," kaka akasema. "Itarudi, Tata, ni kidogo tu."

Akachuchumaa, akaipeleka kanda mbele. Mieleka. Akaipeleka tena. Mieleka. Ilirudi mwisho kabisa, kama alivyoahidi. Ilirudi watu wanakula. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa, na mtu wa video alikuwa amemkaribia kaka mwenyewe, karibu sana, naye kaka anatafuna nyama, mafuta yanamshuka kidevuni, anacheka na mtu ambaye haonekani. Mdomo wake ulijaa televisheni nzima. Kisha kanda ikaisha ikajizima.

Baba akainuka. Nilidhani anaelekea kwenye gari, nikanyoosha mkono nimshike. Akaupita mkono wangu. Akaweka mkongojo juu ya kizingiti, kisha mguu ule mzima, kisha ule mfupi, akaingia ndani ya nyumba ya mwanawe. Wauza nyanya walirudi nyuma hatua moja. Hata watoto walirudi, maana wakubwa wao walikuwa wamerudi. Wifi aligeukia ukuta akajifunika uso na leso. Kaka alibaki amechuchumaa, na baba akapita kando yake hakumtazama, akafika kwenye televisheni. Juu yake kulikuwa na kile kitambaa cha kufuma ambacho kila nyumba yenye televisheni ilikuwa nacho. Baba alikivuta kikashuka mbele, akakinyoosha pembe kwa pembe mpaka kioo chote kikafunikwa. Akakaa hapo kidogo mkono juu ya kitambaa. Kisha akatoka alivyoingia.

Mimi niliitoa kanda. Mgongoni, mahali pa jino lililovunjwa, palikuwa pamezibwa kwa selotepu, imebandikwa mara mbili na kushindiliwa kwa kidole ili ishike vizuri. Ikawa imeota manyoya ya vumbi, maana ilikaa hapo tangu zamani. Basi hakukosea. Aliiziba, akarekodi, na alipoona mzee anauliza kila siku akashukuru deki ilipokufa. Zile hedi zote alizonirudisha nazo, hii pini, hii Amerika, alikuwa ananunua siku. Alikuwa anangoja baba afe.

Nilimwonyesha ile selotepu. Nilitaka aseme kitu, hata uongo, njia ya mwongo ni fupi lakini angalau aipite. Akanitazama, halafu akaitazama deki.

"Lakini hedi ni nzuri," akasema. "Picha imetoka safi."

Nilitema mate sakafuni mwake, pale pale ambapo vijana wake walikuwa wakitema. La kuvunda halina ubani. Kanda nikaiacha juu ya meza, sikutaka kuishika tena.

Tulipofika nyumbani alikwenda jikoni, akachukua kigoda cha mama kando ya moto, akakibeba hadi upande wa kushoto wa nyumba akakiweka juu ya kaburi, kati ya majani. Aliniambia nimpe shangazi chumvi niliyomnunulia, iliyobaki kwenye gari, na kwamba nisichelewe, giza linaingia.

Aliishi miaka mingine, wala hakukonda tena. Siku za soko alipanda Kebirigo na mkongojo wake kununua tumbaku, na njia yake ilikuwa ile ile, nyuma ya duka la mbolea, mbele ya mlango wa kaka. Wifi aliniambia walikuwa wakimsikia mkongojo ukija, na kaka alikuwa akiacha alichokuwa akifanya na kusimama karibu na mlango, anangoja mzee akohoe. Mkongojo ulipita.